Vumbi la Januari na Moshi wa Julai

Kati ya Mei 2008 na Aprili 2010, watafiti walioshirikiana na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia ya Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwa wakinasa chembechembe laini za hewa ya jiji letu kwenye vichujio, wakizipima uzito na kuchunguza elementi zilizomo ndani yake. Samuel Gaita, Michael Gatari na wenzao walipochapisha matokeo mwaka 2014, waliripoti wastani wa mikrogramu 21 katika kila mita ya ujazo wa hewa, na mtawanyiko wa 9.5 juu au chini ya wastani huo. Namba ya kwanza ndiyo inayonukuliwa kila mahali hewa ya Nairobi inapojadiliwa, ilhali ya pili huachwa kana kwamba ni adabu tu ya wanatakwimu. Nimesoma utafiti huo pamoja na wanafunzi wangu mara nyingi, na kila tunapousoma naona kwamba mtawanyiko huo ndio ulipaswa kutushughulisha zaidi, kwa sababu ndani yake mna majira: mna kiangazi cha Januari, mna mvua za Aprili, na mna baridi ya Julai ambayo kila mkazi wa jiji hili anaijua kwa mwili wake hata kama hajawahi kuona kipimo chochote.

Chembechembe zinazozungumziwa ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo wataalamu huziandika PM2.5. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe ishirini na ushee za aina hii zingeweza kupangwa mstari mmoja katika upana wa unywele. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, tukalipenga au kulikohoa. Hizi ndogo hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huvuka na kuingia katika damu. Mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliutaja uchafuzi wa hewa ya nje, na chembechembe zake kwa jina, kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu 2005 lilikuwa likishauri kwamba wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 10, lilishusha kikomo hicho hadi 5 mwezi Septemba 2021, na kwa saa ishirini na nne likaweka 15. Wastani wa Nairobi uliopatikana miaka ile ulikuwa mara nne ya kikomo cha sasa.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari upande wa Eastlands. Chini ya upenu wa maabara yetu kuna kihisi kidogo cha bei nafuu kinachopima chembechembe kwa miale ya leza, na kando yake kuna kipimamvua cha kawaida pamoja na kipimajoto, vifaa ambavyo shule nyingi zinavyo lakini huachwa vishikwe na kutu. Jambo ninalotaka kulisema katika makala haya limetokana na kuvisoma vifaa hivyo vitatu kwa pamoja, na kuyalinganisha tunayoyaona na yale yaliyopatikana kwa mashine bora kuliko yetu. Nairobi haina hewa chafu ya aina moja inayozidi na kupungua. Ina hewa chafu za aina mbili, zenye asili tofauti na zinazoshika zamu katika miezi tofauti, na mji unaopanga kuzishughulikia kwa kutumia wastani wa mwaka mmoja utakuwa unatibu ugonjwa usio na mgonjwa.

Kwanza majira yenyewe. Jiji hili liko zaidi kidogo ya digrii moja kusini ya ikweta, lakini limeinuka kati ya mita 1,600 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo misimu yake haiongozwi na joto kama ya nchi za mbali bali na mvua, upepo na mawingu. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazi huja kwetu kutoka kaskazini mashariki, ukiwa umekwisha kupoteza unyevu mwingi njiani; Januari na Februari ni miezi ya jua kali na anga la buluu. Masika huanza Machi na kuisha Mei. Kisha, kuanzia Juni hadi karibu Septemba, huja kipindi ambacho wageni huwa hawakitarajii katika mji wa ikweta: upepo wa kusi kutoka kusini mashariki, mawingu mazito yaliyotanda chini, manyunyu yasiyojaza hata kikombe, na baridi inayotulazimu kuvaa masweta darasani. Mvua za vuli huja Oktoba hadi Desemba, na mzunguko unaanza upya. Miezi mikavu, kwa hiyo, ni ya namna mbili, mmoja wenye jua na mwingine usio na jua, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua tunavuta nini.

Nianze na Januari. Vumbi la Januari tulilitengeneza wenyewe mwezi Novemba. Wakati wa vuli malori ya mawe na mchanga hutoka katika machimbo na viwanja vya ujenzi yakiwa na matope kwenye magurudumu, nayo huyaacha juu ya lami; mitaro iliyoziba hufurika na kumwaga udongo barabarani; na kingo za barabara ambazo hazikuwekwa lami wala nyasi huchimbuliwa na matatu zinazokwepa msongamano kwa kupita pembeni. Mvua zinapokatika, matope hayo yote hukauka pale pale yalipo. Kila gari linalopita huyasaga yakawa laini zaidi, na upepo wa mchana huyainua. Katika utafiti wa Gaita na wenzake, vumbi la madini na magari, vikijumlishwa, vilihusishwa na takriban asilimia 74 ya uzito wa chembechembe laini, na kwa mtu anayeishi kando ya barabara isiyokamilika namba hiyo haihitaji utetezi. Sehemu kubwa ya vumbi hilo, tena, ni chembe kubwa kuliko mikromita 2.5, ambazo kipimo cha PM2.5 hakizihesabu kabisa ingawa macho na koo huzihesabu. Ndiyo maana grafu ya kihisi chetu mwezi wa Februari huonekana ya wastani, na kumbe madawati yanaandikika kwa kidole kila asubuhi.

Lakini Januari ina rehema moja, nayo ni jua. Katika mwezi huo jiji hupata takriban saa tisa za jua kwa siku. Ardhi inapopata moto, hewa iliyo karibu nayo hupanda, ya juu hushuka kuchukua nafasi yake, na kufikia adhuhuri tabaka la hewa linalochanganyika huwa limekuwa nene kiasi kwamba moshi wa magari na wa majiko husambazwa ndani ya nafasi kubwa sana. Moshi unakuwa haba hata kama kiasi kinachotolewa ni kile kile. Tunachobaki nacho mchana wa Januari ni vumbi hasa, ambalo joto hilo hilo linaloutawanya moshi ndilo linalolisaidia kupaa.

Mvua huosha hewa, na kila mtu anajua hivyo, ila haioshi kama tunavyodhani. Tone la mvua linapoanguka hugongana na chembe kubwa za vumbi na kuzibeba hadi chini. Chembe ndogo mno nazo hutangatanga huku na huko na kuligusa tone kwa bahati. Zile za katikati, zenye kipenyo kati ya sehemu moja ya kumi ya mikromita na mikromita moja, huponyoka zaidi kuliko zote, kwa sababu ni nyepesi mno kugonga tone kwa nguvu na ni nzito mno kutangatanga kwa wepesi, hivyo hufuata mkondo wa hewa unaolizunguka tone na kuliacha lipite. Kwa bahati mbaya hicho ndicho kipimo cha chembe nyingi za moshi. Hizi huondolewa zaidi kule juu, zinapogeuka kuwa kiini ambacho mvuke hugandamana juu yake na kufanya wingu, kisha wingu likanyesha. Katika data yetu ya Aprili mambo haya yanaonekana wazi: baada ya mvua kubwa ya alasiri vumbi hukatika kabisa kwa siku nzima au zaidi, ilhali moshi hushuka kwa saa chache tu, na kufikia saa moja jioni, magari yakiwa yamekwama barabarani huku injini zikinguruma kwa sababu ya maji yaliyotuama, mstari wa grafu huanza kupanda tena. Masika hutupa hewa bora kuliko miezi yote, na ninaifurahia kwa moyo wote, lakini moshi wa jioni haujui kwamba ni masika.

Julai ndiyo inayonikosesha raha, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Katika mwezi huo saa za jua hupungua hadi nne au tano kwa siku, karibu nusu ya zile za Januari. Wingu la chini linakaa juu ya jiji tangu alfajiri hadi adhuhuri, na siku nyingine halipasuki kabisa. Ardhi haipati moto, hewa haipandi, na tabaka linalochanganya moshi hubaki jembamba. Usiku ambao mawingu huachana ni mbaya zaidi, kwa sababu ardhi hupoteza joto lake haraka, hewa inayoigusa hupoa na kuwa nzito, na juu yake hubaki hewa yenye joto kidogo, iliyoifunika kama kifuniko cha sufuria. Kila kinachofukizwa chini ya kifuniko hicho hukaa huko huko mpaka jua lipate nguvu ya kukifunua. Injini za Julai hazitoi moshi zaidi ya injini za Januari. Nafasi ya kuutawanya moshi huo ndiyo iliyopungua.

Na bado tunaongeza. Baridi inapozidi, watu hupasha maji ya kuoga, hupika vyakula vinavyochukua muda mrefu jikoni, na huingiza jiko la makaa ndani ya nyumba ili lipashe chumba. Walinzi wa usiku huwasha moto kwenye madebe langoni, wakichoma chochote kilichopo, iwe mbao za ujenzi zilizopakwa dawa au vipande vya matairi. Taka ambazo hazijakusanywa hurundikwa pembeni na kuchomwa alfajiri, na kwa kuwa zina unyevu wa manyunyu haziwaki vizuri bali hufuka kwa saa nyingi, na moto unaofuka hutoa chembechembe nyingi kuliko moto unaowaka. Siwalaumu wanaofanya haya. Mlinzi anayekesha nje kwa usiku mzima wa nyuzi kumi na moja ana haki ya joto, na mama anayefungua kibanda chake saa kumi na moja alfajiri hana mahali pengine pa kupeleka taka za jana. Ninachosema ni kwamba moto huo huo mdogo, ambao ungewashwa Januari saa sita mchana ungetawanyika kabla ya kufika kwa jirani, ukiwashwa Julai alfajiri huingia madirishani mwa mtaa mzima.

Mwezi Julai 2009 timu iliyoongozwa na Patrick Kinney wa Chuo Kikuu cha Columbia, pamoja na wenzake wa Nairobi, ilipima PM2.5 nyakati za mchana katika maeneo mbalimbali. Nje ya jiji, mahali palipochukuliwa kuwa kielelezo cha hewa ya mashambani, walipata mikrogramu 10.7 kwa mita ya ujazo. Kwenye njia ya waenda kwa miguu katikati ya jiji walipata 98.1. Tofauti hiyo ya mara tisa kwa kawaida hunukuliwa kama hukumu juu ya magari, na ni kweli kwamba magari yamo. Lakini ninapoisoma naona pia tarehe: ilikuwa Julai. Vipimo hivyo vinatueleza kwa usahihi jinsi barabara za katikati ya jiji zinavyokuwa katika miezi ya kipupwe, na mtu akivichukua kuwa picha ya mwaka mzima atakuwa ameubebesha mwaka uzito wa mwezi wake mmoja.

Tofauti kati ya mtaa na mtaa ni kubwa kuliko hata tofauti kati ya mwezi na mwezi. Mwaka 2013 watafiti akina Thaddaeus Egondi walipima chembechembe katika mitaa miwili ya watu wa kipato cha chini, wakapata wastani wa takriban mikrogramu 166 Korogocho na 67 Viwandani. Korogocho imepakana na jaa la taka la Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na ambalo hadi leo linapokea taka za jiji na kufuka moshi. Viwandani, kama jina lake lilivyo, imebanwa na viwanda. Mtu wa Korogocho hahitaji kuambiwa kwamba Julai ni mbaya kuliko Aprili, kwa maana hata Aprili yake ni mbaya kuliko Julai ya mtaa wenye miti na nafasi. Majira huja juu ya dhuluma iliyokuwepo tayari. Hewa nzito ya usiku, zaidi ya hayo, huteremka kufuata mabonde ya mito kama maji yanavyofanya, na mabondeni ndiko tulikowaachia maskini wajenge: ukisimama ukingoni mwa bonde la Mathare alfajiri ya baridi utaona moshi umelala chini usawa wa mapaa ya mabati, huku hewa ya pale uliposimama ikiwa safi kiasi.

Moshi mwingine wa kipindi hicho si wetu. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyika za kusini mwa Afrika, kutoka Angola kupitia Zambia na kusini mwa Kongo hadi Msumbiji na Tanzania, huchomwa kwa ajili ya kuandaa mashamba na malisho, na setilaiti huziona nukta za moto kwa maelfu kila siku. Moshi huo huja na upepo. Kule Rwanda, katika kituo cha uchunguzi wa tabianchi kilichojengwa juu ya mlima Mugogo, karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari na mbali na barabara kubwa, vipimo vinaonyesha masizi yakiongezeka katika vipindi vyote viwili vya ukame: Juni hadi Agosti moto unapokuwa kusini, na Desemba hadi Februari unapokuwa kaskazini ya ikweta. Mlima ule hauna matatu. Kwa hiyo tunapopima hewa ya Nairobi mwezi Agosti, tunapima jiji letu likiwa limewekwa juu ya msingi ambao umekwisha kuchafuka kabla upepo haujatufikia, na hakuna meya wala gavana anayeweza kuusafisha msingi huo peke yake.

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu vifaa, kwa sababu vihisi vya bei nafuu vimeenea sana katika shule na makazi na ninavipenda, lakini vina tabia inayofuata majira kama hewa yenyewe. Kihisi cha leza hakipimi uzito. Kinahesabu mwanga unaotawanywa na chembe zinazopita. Chembe nyingi za moshi na chumvi hunyonya unyevu, na hewa inapokaribia kushiba maji huvimba, zikatawanya mwanga mwingi zaidi ingawa uchafu uliomo haukuongezeka hata chembe. Asubuhi ya Julai yenye ukungu ni mahali pa hatari kwa kifaa kama hicho, kwa kuwa sehemu ya kile kinachokiita uchafu ni maji. Vichujio vya maabara haviathiriki hivyo, kwa sababu hupimwa uzito baada ya kukaa katika chumba chenye unyevu uliodhibitiwa. Nasi shuleni tumejifunza kuandika unyevu wa hewa kando ya kila kipimo, na kipimo kilichochukuliwa wakati wa ukungu hatukilinganishi na cha mchana wa jua. Hata baada ya kuyaweka kando masaa ya ukungu, Julai hubaki juu. Naona ni muhimu kulisema hili waziwazi, kwani mtu anayetaka kupuuza tatizo hili atatumia udhaifu wa vihisi kama kisingizio, na anayetaka kulikuza atauficha.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha vizuri jinsi majira yanavyoweza kutupotosha. Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na tarehe 6 Aprili serikali ikafunga mipaka ya eneo la jiji la Nairobi, marufuku iliyodumu hadi mapema Julai. Magari yalipungua. Picha za Mlima Kenya ukionekana nyuma ya majengo ya katikati ya jiji, kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 100, zilisambaa kote, na watu walisema kwa furaha kwamba tumeuona mlima kwa sababu tumeegesha magari. Nadhani walikuwa na sehemu ya ukweli. Hata hivyo Aprili na Mei ni miezi ya masika, na masika ya mwaka ule yalikuwa ya mvua nyingi, hivyo hewa ingesafishwa kwa kiasi kikubwa hata kama kila gari lingekuwa barabarani. Anayetaka kujua mchango wa magari hana budi kulinganisha Aprili ile na Aprili nyingine zenye mvua kama hiyo, saa kwa saa, si Aprili na Februari iliyotangulia. Na kama marufuku ingekuja Juni, huenda tusingeuona mlima kabisa, nasi tukadanganyika kwa upande wa pili, tukasema magari hayana hatia.

Kosa hilo hilo hujificha katika taarifa nyingi za mafanikio. Mwaka wa mvua nyingi hufanya kila sera ionekane nzuri, na mwaka wa ukame hufanya kila sera ionekane bure. Vuli ya 2019 ilikuwa na mvua zisizo za kawaida zilizoendelea hadi mwanzo wa 2020. Baadaye misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Kisha Aprili 2024 mafuriko yaliyoua watu na kuwahamisha wengine wengi huko Mathare yaliacha matope katika mitaa ambayo, kiangazi kilipofika, yaligeuka kuwa vumbi. Mfululizo wa vipimo wa mwaka mmoja au miwili hauwezi kutenganisha kazi ya mawingu na kazi ya watu. Ndiyo maana nilisikitika Machi 2025, Marekani ilipoacha kutangaza vipimo vya mashine zilizokuwa kwenye balozi zake, zikiwemo za Kampala na Addis Ababa. Mashine zile zilikuwa zimeanza kutupa kile ambacho Afrika Mashariki imekikosa kwa muda mrefu, yaani Julai nyingi zilizopimwa kwa kifaa kilekile mahali palepale. Watu wa Makerere, ambao mradi wao wa AirQo ulianza mwaka 2015 na sasa una vihisi katika miji mingi ya bara hili, wameonyesha kwamba kazi hii inaweza kufanywa na Waafrika wenyewe, na ingefaa serikali za kaunti zetu zione kupima hewa kuwa ni huduma ya kudumu kama kupima mvua, ambayo hatujawahi kusubiri mfadhili ili tuifanye.

Sheria tunazo. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kanuni za ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2014. Kinachokosekana ni kalenda. Serikali iliporudisha ushuru wa asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, ilianza kuutoza tarehe 1 Julai 2021, kwa kuwa hapo ndipo mwaka wa fedha unapoanza. Na hapo pia ndipo, kwa kalenda ya mawingu, kila kaya iliyorudi kwenye makaa au mafuta ya taa ilirudi katika wiki mbaya kuliko zote. Ushuru huo ulipunguzwa mwaka uliofuata na kuondolewa 2023, jambo jema. Bado ninaamini kwamba kama mtu mmoja katika wizara angekuwa na grafu ya majira ukutani, tarehe hiyo ingemshtua.

Kwa moshi wa Julai, kazi inapaswa kufanyika Mei: taka zikusanywe kwa uhakika kuanzia mwishoni mwa masika ili zisibaki za kuchomwa, wakaguzi wa magari ya dizeli wawe barabarani Juni, na Idara ya Hali ya Hewa iongeze katika utabiri wake sentensi moja inayosema kama usiku huu hewa itatulia au itachanganyika, ili mzazi wa mtoto mwenye pumu ajue. Kwa vumbi la Januari, kazi ni ya Septemba, kabla ya vuli: kuzibua mitaro, kuweka lami au nyasi kwenye kingo za barabara, na kuyalazimisha malori yaoshe magurudumu kabla ya kutoka machimboni. Kumwagia maji barabara mwezi Februari ni bora kuliko kukaa bure, ila ni kazi ya kuchelewa.

Shuleni kwetu tumeanza na yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mwalimu wa michezo alikubali kuhamisha mbio za alfajiri za muhula wa pili hadi saa nne, wakati tabaka la hewa limeanza kufunguka, kwa kuwa mtoto anayekimbia huvuta hewa mara nyingi zaidi ya mtoto aliyekaa. Wapishi wa shule wanawasha majiko baada ya mabasi kuondoka, na fundi amerefusha bomba la moshi kupita paa. Uwanja wenyewe ulikuwa mgumu zaidi, maana ni udongo mtupu uliokanyagwa kwa miaka, nao ndio chanzo kikubwa cha vumbi letu la Januari. Nusu yake sasa imefungwa kwa kamba. Nyasi zitapandwa mvua za kwanza za vuli zikianguka, ili ziwe zimeshika mizizi kabla ya kaskazi, na nusu ya pili itasubiri masika. Wanafunzi wa kidato cha tatu wamepewa zamu ya kuzimwagilia Januari na Februari kwa maji yaliyovunwa kwenye paa la bwalo, na kihisi cha pili kimewekwa upande wa uwanja ili tulinganishe Februari ijayo na zilizopita, mvua kwa mvua.